UZI: Yoki ya betri kwa kukagua nyufa, kabla hujanunua au kukodi pitia hapa

mkaguzi_wa_Jinja:
Habari zenu wakuu. Naona siku hizi kila mtu kwenye kazi za ukaguzi anataka yoki ya betri, toka vijana wa Namanve hadi wanaofukuzia tenda za mafuta Buliisa na Kikuube, na maswali ninayotumiwa ni yale yale, kwa hiyo namwaga yote hapa mara moja. Msimamo wangu nautoa mapema tusizungushane: yoki ya betri ni chombo kizuri sana ila usiiamini kwa vile inavyovuta asubuhi ikitoka kwenye chaja, iamini kwa vile inavyovuta betri ikiwa imebaki kidogo. Wengi wanapima nguvu mara moja betri imejaa, wanajaza fomu, wanaingia kazini, saa nane mchana bado wanabonyeza swichi na kuandika "hakuna ufa". Hakuna ufa au hakuna sumaku?

Kwa wageni kidogo tu. Yoki ni sumaku ya umeme ya kushika mkononi yenye miguu miwili. Unaweka miguu hiyo juu ya chuma, unabonyeza, sumaku inapita ndani ya chuma toka mguu huu hadi ule. Ikikuta ufa umeikingama inashindwa kupita vizuri, sehemu yake inatoka nje juu ya uso wa chuma, na pale ndipo chembe za chuma ulizopulizia zinanaswa na kujipanga kama sungusungu. Ufa ambao jicho haliuoni unageuka mstari mweusi juu ya rangi nyeupe uliyoipulizia kwanza. Ufa uliolala sambamba na mwelekeo wa sumaku hauonekani kabisa, ndio maana kila sehemu inakaguliwa mara mbili, ya pili umeizungusha yoki nyuzi 90. Hii ya kuzungusha ndio kitu cha kwanza watu wanaruka wakichoka, halafu wanasema mashine mbovu.

Sasa kwa nini betri. Nchi iko na mabwawa ya umeme, Karuma ya MW 600 na Isimba ya 183, lakini wewe uliyeko juu ya tenki ama mwisho wa uwanja hiyo haikusaidii, unavuta ekstensheni ndefu toka kwenye jenereta, volti zinashuka njiani na nguvu ya yoki inashuka nazo, na hakuna anayejua kwa sababu inaunguruma vile vile. Pili ni usalama. Ukiingia ndani ya dramu ya boila na waya wa volti 240, jasho linakutiririka, umekalia chuma, umezungukwa na chuma, hiyo ni kutafuta kifo. Hapo betri haina mjadala.

Nyundo256:
Asante mkuu kwa uzi. Mimi niko Kampala, bosi ananiambia tununue ile ya zamani, betri unaibeba begani na waya unakuja kwenye yoki, kuna mtu anaiuza bei poa na anasema inavuta kilo nyingi kuliko ya umeme. Ni kweli? Na kama inavuta zaidi si ndio nzuri zaidi?

mkaguzi_wa_Jinja:
Swali zuri ssebo, na hapo ndipo watu wanapigwa. Zile za begani za volti 12 nyingi ni DC, yaani umeme wa mkondo wa upande mmoja, wakati AC ni ule wa kugeuka geuka kama wa ukutani. Mpya mpya zenye betri ya lithiamu kwenye mkono, baadhi zina elektroniki ndani ya kugeuza DC kuwa AC, baadhi zinatoa zote mbili unachagua kwa swichi, na baadhi bado ni DC tupu. Soma kibandiko, usisikilize maneno ya muuzaji.

Kuvuta kilo nyingi sio sifa. Taratibu za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, zinataka yoki ya AC inyanyue angalau kilo 4.5, na ya DC au sumaku ya kudumu inyanyue kilo 18.1, miguu ikiwa imepanuliwa kwa umbali mkubwa zaidi utakaotumia kazini. Umejiuliza kwa nini DC inadaiwa mara nne? Kwa sababu sumaku ya AC inakaa juu juu kwenye ngozi ya chuma, palepale nyufa za uchovu wa chuma na nyufa za weldi (maungio ya kuchomelea) zinapoanzia. Ya DC inazama ndani, hasa chuma kikiwa kinene. Inavuta kweli, utanyanyua chuma na watu watapiga makofi, lakini inayobaki juu ya uso ni kidogo. Kwa hiyo kwa kazi zako za weldi na shafti nenda AC. Hata kiwango cha kimataifa ISO 17638, kile cha kukagua weldi kwa sumaku, inaanzia kwenye AC, DC na sumaku ya kudumu ni mpaka mkubaliane na mteja.

DC si takataka lakini. Ukitafuta kitu kilicho chini kidogo ya uso inasaidia, hasa ukitumia unga mkavu. Ila hiyo si kazi ya kila siku.

Tanga_Welda:
Salaam toka Tanga. Nyie wa Uganda mnapenda gharama 😂 sisi tuna sumaku ya kudumu, haina betri haina chaja haina swichi, unaibandika unapulizia wino wenye chembe za chuma basi. Miaka nenda rudi inafanya kazi.

mkaguzi_wa_Jinja:
Karibu jirani, bomba letu la mafuta la km 1,443 linakuja kuishia kwenu Chongoleani kwa hiyo lazima tuelewane 😂

Sumaku ya kudumu ina mahali pake, tuseme ndani ya eneo lenye gesi ambako hata cheche ya swichi haitakiwi. Lakini angalia shida zake. Huwezi kuizima, ukiibandua inakokota chembe zote ulizozipanga. Inakusanya vumbi la grainda miguuni hadi inakaa kama ndevu, na lile vumbi linaizuia kugusa chuma vizuri. Huwezi kuitumia kuondoa sumaku baada ya kazi. Na ikianguka chini au ikipata joto kali nguvu inapungua kimyakimya, ndio maana ASME wanataka ipimwe kila siku kabla ya kutumika wakati yoki ya umeme inatosha mara moja kwa mwaka na kila ikitengenezwa.

Hiyo ya "mara moja kwa mwaka" ndiyo sikubaliani nayo kwa upande wa betri. Iliandikwa kwa ajili ya cheti na iko sawa, lakini betri ni kitu kinachobadilika ndani ya siku moja. Mimi napima nikianza, napima kabla ya kutoa betri iliyochoka, napima nikiweka nyingine. Ile ya katikati ikishindwa kunyanyua, kila nilichokagua toka kipimo kilichofaulu narudia. Inauma lakini ndio kazi.

dada_chuma:
Nakubaliana na hii kabisa. Niko Masindi upande wa mitambo ya sukari. Kuna timu ilikuja kipindi cha matengenezo, sitaji kampuni, wana yoki mpya inang'aa, wakapita shafti za rola zote asubuhi hadi jioni na betri moja. Tukawaomba wanyanyue kile kichuma cha kilo 4.5 mbele yetu, kikaenda juu kidogo kikadondoka paa! Supavaiza wao akasema eti chuma kina mafuta. Tukakifuta kwa kitambaa, kikadondoka tena. Wakarudia kesho yake na betri iliyojaa, pale kwenye bega la shafti, panapobadilika kutoka nene kwenda nyembamba, ukatoka mstari mzuri mwembamba umezunguka karibu robo ya shafti. Jana yake walishapaandika safi.

Na mstari wa ufa banange ukishauona mara moja hutausahau. Hauko kama mchoro wa penseli, kingo zake ziko kali, chembe zimebanana, ukiupangusa ukapulizia tena unarudi palepale na umbo lile lile. Kitu ambacho kinatoka kipana, chepesi, kinayeyuka pembeni, hicho mara nyingi ni umbo la chuma lenyewe au pembe ya weldi, grainda kidogo halafu rudia.

Nyundo256:
Dah. Hicho kichuma cha kupimia kinauzwa wapi? Nimeona mtandaoni bei yake ni ya kuchekesha.

mkaguzi_wa_Jinja:
Usiagize nje. Nenda Katwe hapo Kampala, kwa mafundi chuma, wakukatie bamba la chuma cha kawaida, unene mm 10, upana sm 23, urefu sm 25. Piga hesabu: sentimita za ujazo 575, mara 7.85 unapata gramu 4,514. Walainishe kingo, weka mkono wa kushikia kama unataka ila kumbuka nao una uzito. Halafu, na hapa usifanye uvivu, lipime kwenye mzani wenye kalibresheni halali, ligonge namba ya uzito wake kwa panchi za chuma, weka rekodi. Ukaguzi wa mteja hauangalii bamba, unaangalia kama uzito wake unathibitika. UNBS, shirika la viwango la Uganda, wana maabara ya vipimo, na mizani zenye muhuri ziko nyingi.

Na ukipima panua miguu! Nimeona watu wamekunja miguu imekaribiana wananyanyua kwa fahari, kisha kazini wanaitanua mwisho. Nguvu ya miguu iliyokaribiana sio nguvu ya miguu iliyotanuka. Umbali wa kufanyia kazi ni kati ya mm 75 na mm 200, chini ya hapo chembe zinajazana kwenye miguu huoni kitu, juu ya hapo sumaku imechoka.

Kifaru_Gulu:
Wakubwa shikamooni. Mimi ni fundi wa kuchomelea, kutengeneza trela na matenki ya maji, nataka kuingia huko kwenye ukaguzi. Naomba mtiririko wa kazi kwa lugha ya fundi, mwanzo mwisho.

mkaguzi_wa_Jinja:
Marahaba. Wewe wa weldi utaelewa haraka kuliko waliotoka darasani.

Kwanza uso. Kutu, magamba, matone ya weldi, grisi, vyote vitoke. Brashi ya waya, grainda kama lazima, kisha futa kwa kitambaa chenye kisafishio hadi kitambaa kitoke cheupe. Kwenye unyevu wa huku ziwani chuma ulichokigrainda kinaanza kutu mapema mno, kwa hiyo usiandae mita hamsini wakati utakagua kumi. Pulizia rangi nyeupe nyembamba, isizidi mikroni 50, yaani uone chuma kwa mbali chini yake. Vijana wanapaka kama wanapaka nyumba. Ikiwa nene inausukuma ufa mbali na chembe zako. Subiri ikauke.

Tikisa kopo la wino mweusi mpaka usikie kile kigololi ndani kinacheza huru, chembe zinatulia chini, usipotikisa unapulizia mafuta matupu. Weka miguu ya yoki ikalie chuma barabara, kila mguu una viungo, vikunje vifuate umbo la kona. Mguu ukigusa kwa ncha tu umepoteza nguvu nyingi.

Hapa sasa ndio roho ya kazi: bonyeza swichi KWANZA, pulizia wino ukiwa umeshikilia swichi, acha kupulizia, endelea kushikilia sekunde kadhaa mpaka wino utiririke wote, angalia, ndipo uachie. Mtu anayeachia swichi huku wino bado unatiririka anauosha ufa wake mwenyewe. Na pulizia pembeni kidogo uache wino uteremke wenyewe juu ya eneo, usirushe mkondo moja kwa moja juu ya mstari ulioanza kujitokeza. Kwa yoki ya betri watu wanabana sana hapa, wanabonyeza kwa kudonoa donoa ili betri idumu. Betri ya akiba ni bei rahisi kuliko shafti iliyokatika.

Zungusha nyuzi 90, rudia. Songa mbele, eneo jipya liingiliane na la zamani. Usihukumu palepale mguu ulipokanyaga, sumaku pale imevurugika.

Mwanga: kwa wino mweusi lux 1000 au zaidi pale unapoangalia. Jua la Uganda linakupa bure nje, ila ndani ya tenki tochi ya simu haitoshi, pima kwa mita. Kwa wino unaong'aa ni kinyume, unatafuta giza, mwanga wa kawaida usizidi karibu lux 20, taa ya UV ya nanomita 365 itoe angalau mikrowati 1000 kwa sentimita ya mraba, na ukiingia gizani subiri macho yazoee dakika tano kabla hujaanza. Miwani inayobadilika rangi juani usivae.

Kifaru_Gulu:
Asante sana mzee. Na baada ya kuchomelea naweza kukagua papo hapo? Kwa sababu mteja huwa amesimama hapo na gari lake.

mkaguzi_wa_Jinja:
Kwanza joto. Wino wa kopo mwisho ni karibu nyuzi 57, ukigusa chuma mkono ukaruka bado. Kuna unga mkavu wa kazi za joto unaofika nyuzi 315 hivi lakini hiyo ni habari nyingine. Pili, kuna nyufa zinazokuja zimechelewa, zinaletwa na haidrojeni iliyoingia na unyevu wa elektrodi. Kwa chuma cha nguvu kubwa na kinene kagua baada ya saa 24 hadi 48, fuata utaratibu wa kazi unavyosema. Ukikagua mapema unampa mteja karatasi safi na ufa unafungua macho akiwa Karuma.

Elektrodi zako zikaushe kwenye oveni, lakini hilo nadhani unalijua.

mchuuzi_wa_Mbarara:
Na matenki ya maziwa? Huku kwetu Mbarara yako mengi, nimepata mteja anataka yakaguliwe kwa yoki.

dada_chuma:
Hapana nnyabo (mama), au ni ssebo (bwana) samahani. Stenlesi ya maziwa mara nyingi ni 304 au 316, sumaku haiishiki. Chukua sumaku ya spika, bandika, ikidondoka weka yoki kwenye sanduku na utumie dai penetranti, ile rangi nyekundu inayopenya kwenye ufa na nyeupe ya kuionyesha. Aluminiamu na shaba hali kadhalika. Miguu ya tenki kama ni chuma cha kawaida hiyo yoki inakagua.

Nyundo256:
Swali lingine, kile kidude cha pembe nane chenye shaba juu, ni lazima? Jamaa anataka kuniuzia pamoja na yoki.

mkaguzi_wa_Jinja:
Kinafaa, si ghali, chukua. Vile ni vipande nane vya chuma vimeunganishwa na juu kuna kifuniko cha shaba. Unakiweka shaba ikitazama juu kati ya miguu, unabonyeza, unapulizia, mistari iliyokingama na sumaku inatokea. Kinakuonyesha sumaku inaelekea wapi. Lakini usikitumie kusema "nguvu inatosha", chuma chake kinashika sumaku kirahisi, kinaonyesha mstari hata sumaku ikiwa hafifu. Kuna vile vibati vyembamba vya kubandika vyenye mikato bandia, hivyo vinakwambia zaidi, hasa kwenye kona na meno ya gia.

Tanga_Welda:
Haya nimekubali nusu 😅 Ila suala la kuondoa sumaku, kuna siku tulishindwa kabisa kuunga bomba, arki (cheche ya kuchomelea) inaruka upande mmoja kama imelewa, kumbe bomba lina sumaku. Yoki inaweza kutoa?

mkaguzi_wa_Jinja:
Ya AC inaweza kwa sehemu ndogo. Washa yoki juu ya chuma, ivute taratibu kuondoka, usiizime mpaka uko mbali kama nusu mita. Ukiizima ikiwa imegusa umerudi mwanzo. Rudia, pima kwa mita ya gausi, kipimo cha sumaku, wengi wanataka isizidi gausi 3. Ya DC haikutolei, inakuongezea, labda iwe na mfumo wake wa kugeuza geuza mkondo huku ukipungua. Bomba refu lililojaa sumaku linahitaji koili ya waya kulizunguka. Shafti zinazokwenda kukaa kwenye beringi usiziache na sumaku, zitakusanya chembe za chuma na kula beringi.

Na kwa kuwa umetaja mabomba: yoki kuwa ya betri HAKUMAANISHI kwamba ni salama kwenye gesi. Swichi inatoa cheche, betri ya lithiamu ni moto mtupu ikipasuka, na makopo yenyewe ya wino yanawaka. Omba kibali cha kazi ya moto, wapime gesi kwanza. Na mwenye kifaa cha moyo kifuani asishike kabisa, wala asisimame karibu.

afande_mstaafu:
Nilikuwa karakana jeshini, tulifundishwa hii kazi kwa Kiswahili mwanzo mwisho, nafurahi kuiona hapa. Naongeza moja. Betri zisilale kwenye gari juani, na zisikae mwezi mzima zikiwa tupu. Ziwekwe nusu, mahali pa baridi. Ziandikwe namba kwa rangi, na kwenye fomu ya ukaguzi iandikwe betri namba ngapi ilitumika wapi. Moja ikianza kuchoka utajua ni ipi, hutalaumu mashine.

mkaguzi_wa_Jinja:
Afande umemaliza. Hiyo ya namba kwenye fomu nitaiiba.

Nyundo256:
Haya, nimemwambia bosi tuachane na ya begani. Tunaletewa ya AC na betri mbili toka nje, mtu anapitia Entebbe. Kuna shida uwanja wa ndege?

dada_chuma:
Betri za akiba asiziweke kwenye begi la kwenda chini ya ndege, abebe mkononi, ncha zake zifunikwe kwa tepu. Chini ya Wh 100 kila moja kwa kawaida zinapita, kati ya 100 na 160 aombe shirika la ndege ruhusa kabla. Zidisha volti kwa Ah zilizoandikwa kwenye betri utapata Wh. Yoki yenyewe ni nzito na ni ya chuma, wataifungua, awe na karatasi ya muuzaji.

Nyundo256:
18 mara 5 ni 90. Tumepona. Na cheti cha ukaguzi cha Leveli 2 ninacho tayari, bado bamba tu. Katwe wanafungua Jumamosi?

mkaguzi_wa_Jinja:
Wanafungua mpaka jioni. Nenda na kalipa yako upime unene mwenyewe, bamba la "mm 10" pale laweza kuwa 9.